Mayai ya Hajarah

Siku Loice alipotapika juu ya samaki wake mwenyewe, soko zima la Busia lilielewa, na yeye peke yake ndiye aliyedhani amelificha jambo. Alikuwa ameinama kupanga ngege wa kukaushwa, wale wanaoletwa kwa baiskeli kutoka Majanji, harufu ikampanda puani, basi. Wanunuzi wawili waliokuwa wameshika senti mkononi walizirudisha mfukoni wakaenda zao. Hakuna wa kuwalaumu.

"Malaria," alisema Loice, akijifuta mdomo kwa ncha ya leso.

"Malaria hiyo ina miezi mingapi?" aliuliza Hajarah kutoka kwenye karai lake la mandazi, hatua tano hivi kutoka pale.

Hajarah alikuwa mke wa Sulaiman, dereva wa lori, na kwao ni Mumias. Nyumba yake ilikuwa upande wa Kenya, lakini karai aliliteleka upande wa Uganda, karibu na forodha, kwa kuwa makarani na madereva huamka na njaa. Mwaka huo, wa sitini na nne, mpaka ulikuwa gogo tu lililolazwa barabarani kuzuia malori. Watu walipita pembeni na vikapu vyao. Umri wa Hajarah ulikuwa thelathini na minne, na mume wa kwanza alikuwa amemrudisha kwao kwa kukosa mtoto.

Alisogea, akachuchumaa karibu na Loice, akanong'ona. "Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Na mimi ninayo. Ya kwangu inachukia mafuta. Yakianza kuchemka naona kifo."

"Mimi hii samaki naua mimi, dada," Loice akakiri, na machozi yakamtoka, maana ilikuwa mara ya kwanza kulisema jambo hilo kwa sauti. Hata Wabwire, mumewe, aliyefanya kibarua Tororo na kurudi nyumbani Jumamosi, alikuwa hajaambiwa.

Hajarah alimtazama, akatazama karai, akatazama samaki. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu. "Inuka," alisema. "Nenda ukakaange. Mimi samaki hawanisumbui."

Hivyo ndivyo walivyobadilishana biashara. Kwa miezi miwili Loice alikaanga mandazi ya Hajarah na Hajarah akauza samaki wa Loice, na jioni kila mmoja akachukua pesa zake. Madereva walilalamika kwamba mandazi yamekuwa magumu, na kweli yalikuwa magumu, Loice hakujua kuumua unga. Hajarah naye aliwauzia watu ngege kwa maneno matamu hata wakasahau kuchagua. Wateja walipopungua walikaa kwenye gunia moja wakaelezana. Loice alijaa mate kinywani mchana kutwa na alitamani udongo wa kichuguu. Alitembea na kipande kwenye pindo la leso akikimega kama sukari guru. Hajarah alilamba ndimu kwa chumvi na kulala usingizi wa paka, popote, wakati wowote. Matiti yako yanauma? Yanauma. Unaota ndoto? Naota maji. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hawa wawili walikuwa wamelala kitanda kimoja. Loice hakuwahi kumpenda mtu asiye wa damu yake kama alivyompenda mwanamke huyo.

Mwezi wa nne wa mimba zao walipanda basi pamoja kwenda zahanati ya Tororo. Muuguzi aliwavuta kope za chini, mmoja baada ya mwingine, akatikisa kichwa. "Damu yenu wote wawili ni maji," alisema. "Mayai kila siku. Maini mkipata. Mboga za majani msiache."

Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Loice alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Ya kwanza ilitoka miezi mitatu, na hakuna aliyejua sababu. Ya pili ilitoka miezi mitano, na sababu ilijulikana: wiki moja kabla, kwenye karamu ya ubatizo, Loice alikuwa amekula yai. Mama mkwe wake, Benedeta, alilelewa akijua kwamba kuku na mayai ni chakula cha wanaume, na kwamba tumbo la mwanamke lililokula yai halishiki. Siku ile hakumgombeza. Alimwuliza tu, "Ulikula nini?" Loice akasema. Benedeta akafunga mdomo, akatikisa kichwa polepole, akaenda kuchimba kishimo cha kuzika nyuma ya mgomba. Kule kutikisa kichwa kulimkaa Loice kifuani zaidi kuliko matusi ya mwaka mzima.

Hajarah aliambiwa habari za mimba hizo mbili, ila si za yai. Alikuwa na kuku wanne wanaotaga, na asubuhi iliyofuata alikuja na mayai mawili ya kuchemsha ndani ya kitambaa. "Moja lako, moja langu."

"Hapana, dada. Mimi siwezi."

"Huwezi nini?"

Loice alikisukuma kitambaa pembeni. Uso wa Hajarah ukabadilika. "Au ni kwa kuwa limetoka kwenye sufuria ya Mwislamu?" aliuliza. "Mandazi yangu unakula. Unafikiri nitakulisha sumu?"

Angesema. Maneno yenyewe yalikuwa machache: nilikula yai, mtoto akatoka, naogopa. Lakini aliona haya kuonekana mshamba mbele ya mwanamke wa mjini, na zaidi ya haya aliogopa Hajarah amshawishi na yeye ashawishike. Akapokea. "Asubuhi tumbo narudisha kila kitu," alisema. "Nitakula nyumbani, jioni."

"Ule kweli."

"Nitakula."

Jioni ile alilibandua ganda, akaliweka yai kwenye kisahani na chumvi, akapiga magoti mlangoni na kukisukuma ndani alikokaa baba mkwe wake, mzee Elphas. "Hajarah natuma salamu kwa baba," alisema. Mzee alilila kwa vipande vidogo, akafurahi, akambariki mgeni huyo asiyemjua. Benedeta naye akafurahi kuona mkaza mwana anakumbuka wazee. Kila mtu akafurahi. Kesho yake likaja yai jingine.

Kila asubuhi Hajarah aliuliza, "Ulikula lile la jana?" Kila asubuhi Loice alijibu, "Nilikula." Uongo wa kwanza ulimtoa jasho, wa ishirini ulitoka wenyewe kama salamu. Mzee Elphas aliacha kulalamika magoti, akaanza kutembea mpaka kwa jirani bila fimbo. Tumbo la Loice lilipita mwezi wa tano likakaa, na usiku alilishika kwa mikono miwili na kushukuru kwamba hakuonja yai hata moja.

Mwezi wa sita kitambaa kilianza kuja na yai moja badala ya mawili.

"Lako liko wapi?" aliuliza Loice.

"Nimelila alfajiri, njaa ilinishinda," alisema Hajarah. "Chukua. Wewe umepoteza wawili. Mimi sijawahi kupata wa kupoteza."

Kufikia hapo harufu hazikuwa zikiwasumbua tena na kila mmoja alikuwa amerudi kwenye biashara yake. Lakini Hajarah alianza kukaanga akiwa ameketi. Akienda kisimani na kurudi alihema kama aliyepanda mlima. Viganja vyake vilikuwa vimepauka, na fizi pia. "Joto," alisema akiulizwa. Loice aliona. Tusimtetee kwa kusema hakuona. Aliona, akajiambia kwamba umri wa Hajarah umesogea na mimba ya kwanza ni mzigo. Kisha akapokea yai, akalifunga kwenye leso.

Mwezi wa saba, Jumatano moja, karai halikutelekwa. Saa nne hivi alikuja Habibah, mdogo wake Hajarah, macho yamevimba. Mtoto alikuwa amezaliwa alfajiri bila kulia. Mvulana. Damu ilimwagika nyingi, na mwilini mwa dada yake haikuwamo ya kumwaga. Amelala hajitambui vizuri, wanamtafutia gari la kumpeleka hospitali.

"Nyumbani hakuna hata supu ya kumpa," Habibah alisema. "Niuzie samaki, nimchemshie. Kuku wote waliisha."

"Kuku wameisha?"

"Ugonjwa wa kideri uliwamaliza mwezi uliopita. Alibaki mmoja, naye amekufa juzi. Yai lilikuwa moja kwa siku, na hata hilo dada hakuligusa. Tukimwambia kula, anasema lina mwenyewe."

Loice alimpa samaki wote waliokuwa kwenye chanja, akakataa pesa. Kisha akakaa chini kwenye vumbi, tumbo mbele, na hakuweza kulia, maana angelia kwa haki gani? Alitaka kuvuka siku hiyohiyo. Benedeta alimzuia mlangoni kwa mikono miwili. "Mwenye mimba haingii nyumba iliyozika kichanga. Unataka kukipeleka na hicho cha tumboni?" Na Loice, ambaye moyo wake ulikuwa umeshavuka barabara, alirudi ndani akaketi. Mungu amsamehe, aliona nafuu kwa kuzuiwa.

Hajarah hakufa. Alilala hospitali wiki tatu, akarudi mwembamba. Loice alijifungua mwishoni mwa mwezi wa tisa, mtoto wa kike, mnene, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Benedeta alimpaka samli akimsifu mkaza mwana aliyesikia la mkuu. Wabwire alikuja kutoka Tororo siku isiyo Jumamosi, akacheza dansi uani kwa viatu vya kazi.

Siku ya nane Hajarah alikuja. Alikuja kwa miguu, amevaa buibui safi, na mkononi ana sabuni na kipande cha kitambaa cha mtoto. Uani watu walimtandikia mkeka. Loice alitaka ardhi impasukie. Lakini Hajarah aliketi, akanyoosha mikono, akasema, "Nipeni."

Alimpakata. Akampima kwenye mkono kama anavyopimwa samaki, akamnusa kichwani, akamgeuza nyayo. Machozi yalimtoka ila alikuwa akitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la kweli, na ndilo lililomchoma Loice zaidi.

"Mzito huyu," alisema. "Mnamwona? Hizi nyama ni zangu. Haya mashavu ni mayai yangu. Basi hayakupotea bure. Nimelala kule hospitali nikijiambia, Hajarah, angalau mmoja wetu..." Akambusu mtoto.

"Ndiyo, dada," alisema Loice. Ilibidi aseme kitu.

Mzee Elphas alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na ukuta wa jiko. Aliposikia jina akanyanyua kichwa, uso ukamchangamka. Alikuwa mzee mwenye adabu, na kumnyima mgeni shukrani lilikuwa jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani.

"Kumbe weye ndiyo Hajarah!" alisema. "Mama, asante sana. Asante kwa ile mayai. Kila jioni, kila jioni, huyu mtoto naletea mimi, nasema ni salamu ya Hajarah. Ilikuwa naponya mimi magoti. Tangu weye nagonjwa, magoti narudi kuuma."

Benedeta aliitikia kwa kichwa, kwamba ni kweli kabisa, kila jioni.

Hajarah alimtazama mzee, akamtazama Loice, na Loice akatazama mkeka. Mtoto akaanza kulia. Hajarah alimtuliza kwanza, akampigapiga mgongoni mpaka akanyamaza, ndipo akamweka kwenye mapaja ya mama yake na kumfunika miguu.

"Pole kwa magoti, mzee," alisema. "Kuku walikufa."

Akaaga vizuri, mmoja mmoja. Loice alimkabidhi Benedeta mtoto, akamfuata mpaka barabarani, akitembea kwa maumivu ya uzazi, akamshika buibui. Akamweleza yote: ubatizo, yai, mgomba, jinsi alivyoogopa. Alilia akieleza. Hajarah alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akimsikiliza kwenye gunia lao.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningeyala mwenyewe."

Akavuta buibui lake polepole kutoka kwenye vidole vya Loice, akalizunguka gogo, akaingia Kenya.