Nundu ya Ukoo

Kausar alikuwa amechoka kuambiwa anadeka. Kisigino chake cha kulia, upande wa nyuma, kilikuwa kimeota nundu nyekundu, na kila asubuhi hatua za kwanza zilimtoa machozi. Anayedeka hulia mbele za watu, yeye alilia jikoni peke yake.

Viatu vyake vilikuwa khusa, zile za ngozi ngumu, kazi ya baba mkwe wake Allah Ditta, fundi anayejulikana mji mzima wa Multan. Kausar ndiye aliyewauzia wanawake dukani, na miguu yake ndiyo iliyokuwa tangazo. Mkamwana wa fundi havai kandambili. Wala hathubutu kuukanyaga ukingo wa nyuma ukalala, maana ni sawa na kumtukana mzee hadharani.

"Si kiatu," alisema mzee bila kuinua macho. "Khusa haina kulia wala kushoto. Leo unavaa mguu huu, kesho ule. Kosa lingekuwa la kiatu, maumivu yangehama nacho. Yamehama?"

"Hayajahama, Baba."

"Basi. Kiatu hakina kosa."

"Ni uzito," akadakia Sakina, mama mkwe, ambaye naye alikuja kuolewa katika ukoo huo kutoka mji wa Dera. "Tangu ujifungue unakula kwa ajili ya mtaa mzima, binti. Kisigino nacho kina haki ya kulalamika."

Daktari wa hospitali hakusema hivyo. Alibonyezabonyeza, akaeleza kwamba huenda ni kano inayoshuka kutoka kwenye shavu la mguu, huenda ni kifuko cha majimaji kilicho karibu nayo, au mfupa uliochomoza kwa kusuguliwa. Mguu wa kulia ulikuwa mkubwa kidogo kuliko wa kushoto, kwa hiyo kila kiatu kiliubana huohuo. "Na mtu asikuchome sindano hapo ovyo. Kano ikikatika, utatembelea magongo."

Kausar alirudi akayasema yote. Kesho yake, alasiri, Sakina akamleta Bashir, mchoma sindano wa mtaani.

Bashir alikuwa ameshapaka spiriti kisiginoni Kausar alipouvuta mguu. Mguu ni wake, maumivu ni yake, na bado kila mtu alikuwa na neno isipokuwa yeye. Pale uani, bombani, mzee alikuwa amevua viatu anatia udhu. Kausar akaviona visigino vyake: nundu mbili, kavu, nyeusi.

"Hizo je, Baba?"

Mzee akacheka. "Hizi ni za ukoo. Babu alikuwa nazo, baba pia. Kwetu mtoto akikosa nundu, tunamuuliza mama yake vizuri."

Kausar akachechemea hadi bombani, akauweka mguu wake kando ya ule wa mzee.

"Mimi mmenitoa Bahawalpur. Sina hata tone la damu yenu. Hii nimeirithi kwa nani?"

Bashir akaanza kufunga mkoba wake. Mzee aliitazama miguu ile miwili, maji yakiendelea kumwagika. Kwenye kitanda cha hapo uani, Sakina akaikunja miguu yake taratibu na kuifunika kwa mtandio. Mumewe akamwona.

"Na wewe?" akauliza. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka uliponioa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia," Sakina akasema. "Ukasema kiatu hakina kosa."