Mlango wa Jumamosi

Damu ya mkwe wangu ilirukia kola nyeupe ya sare ya shule, na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kukasirikia kola. Nilikuwa nimetoka kuipiga pasi, na mwenye sare alikuwa aje kuichukua jioni. Cherehani yangu naiweka karibu na mlango kwa ajili ya mwanga. Niliposimamisha pedeli na kuinua macho ndipo nikaelewa kwamba mwanangu amempiga mtu ngumi ya mdomo ndani ya nyumba yangu.

Mkwe wangu hakurudisha. Alikinga damu kwa kiganja, akarudi nyuma hatua moja, akaniangalia kwa heshima zake zote.

"Shikamoo, mama," akasema. Jino moja la mbele halikuwepo.

"Marahaba." Ningejibu nini tena?

"Nimekuja kumwona mtoto. Leo ni Jumamosi."

"Hapa hakuna mtoto wako, shemeji," mwanangu akasema, akamshindilia nyingine ya tumbo. Mkwe akajikunja, akashika mwimo wa mlango asianguke. Mjukuu wangu alikuwa chini ya meza ninayokatia vitambaa, amekumbatia magoti. Hakulia. Alikuwa anaitazama miguu ya wale wanaume, nani anasogea na nani amesimama. Mwanangu akausukuma mlango, akatia komeo, akaniuliza kama chai ipo.

Niwaeleze hawa watu, maana ukiwaona hivi utadhani ni wahuni. Mkwe wangu ni kocha wa ngumi, na jina lake kwa watu wote ni hilo hilo, Kocha. Alipokutana na binti yangu, binti alikuwa na mtoto mchanga, na mwanamume aliyempa mtoto huyo alikuwa ameshatokomea. Mpaka leo hatujui alipo, wala hatumtafuti. Kocha ndiye aliyemwogesha yule mtoto, akampeleka kliniki, akampa jina la Sisimizi kwa sababu alikuwa mdogo na popote palipo na sukari utamkuta. Wakati mama yake yuko kazini, mtoto alishinda ukumbini akitambaa katikati ya miguu ya mabondia. Neno "wa kambo" Sisimizi alilisikia kwa mara ya kwanza mahakamani.

Mwanangu naye, ambaye siku hizi mtaa mzima unamwita Mjomba, alikuwa bondia wa Kocha. Kocha alimtoa kwenye kubeba saruji ghalani, akamfanya mtu. Kisha likaja pambano kubwa. Mwanangu alikuwa amepasuka nyusi zote mbili, haijui hata kona yake ni ipi, na Kocha akatupa taulo ulingoni kusimamisha pambano. Mimi nilimshukuru kwa machozi. Mwanangu alisema angeshinda, akarudi kubeba saruji, na kinyongo kile amekibeba pamoja na mifuko miaka yote hii.

Binti yangu aliugua, akafariki. Sitaki kuusimulia ugonjwa. Kabla viti vya msiba havijaondolewa Mjomba alifika kwa Kocha na begi, akamchukua mtoto. Kocha akaenda mahakamani. Hakimu alimsikiliza kila mtu, akaamua mtoto abaki kwetu na Mjomba awe mlezi wake, ila Kocha amwone kila Jumamosi mchana, masaa mawili, kwa kuwa mtoto hamjui baba mwingine. Sisi ndugu tukaambiwa tusimwekee vikwazo. Nilitoka pale moyo mweupe, nikadhani yamekwisha.

Jumamosi ya kwanza Mjomba alisema mtoto amelala. Iliyofuata akasema mtoto yuko kwa rafiki yake, na Sisimizi yuko dirishani anapunga mkono. Ya ngumi ndiyo hiyo niliyoanza nayo.

Mtu mwenye akili zake angerudi kwa hakimu. Nilitoka kwa mlango wa uani, nikamfuata Kocha barabarani na kipande cha kitambaa, nikamwambia hivyo hivyo. "Kashtaki. Shahidi ni mimi. Mwanangu ni mwanangu, lakini nitasema nilichokiona."

"Mama, nikishtaki watamfunga," akasema, kitambaa mdomoni. "Mtoto anampenda mjomba wake. Ataniangaliaje?"

Nilimheshimu kwa maneno hayo. Heshima yangu haikufika mbali, maana Mjomba alichungulia dirishani akaita, "Kama wewe mwanamume, tukutane ulingoni Jumatano. Ukinilaza, mlango wazi kila Jumamosi. Nikikulaza, nisikuone tena mtaa huu."

"Sawa," Kocha akasema. Papo hapo, kama watu wanaokubaliana kusaidiana kuhamisha kabati.

"Sawa nini?" nikamuuliza. "Umeniambia sasa hivi mtoto anampenda mjomba wake."

"Ulingoni si ugomvi, mama. Ulingoni tunamalizana, tunakumbatiana, kila mtu anaenda kwake. Ndivyo sisi tulivyo."

Hilo ndilo kosa lao, na ni kosa ambalo fundi bomba au mwalimu wa hesabu asingeweza kulifanya. Watu hawa wameishi kwenye ngumi mpaka wanaamini kuna aina ya kumpasua mtu ambayo haihesabiki. Hakuna aliyemuuliza Sisimizi. Mimi niliyemzaa mmoja na kumwoza mwingine binti yangu sikuulizwa pia, na nilikuwa na hasira mpaka nikavunja sindano mbili za cherehani kwenye pindo moja.

Jumatano nilimwacha mtoto kwa jirani, nikaenda. Ukumbi ule zamani ulikuwa gereji. Sakafu bado ina madoa ya oili, na mifuko ya mazoezi inaning'inia kwenye minyororo iliyokuwa ya kuinulia injini. Kocha alikuwa ameahirisha mazoezi ya siku hiyo. Alikuwepo mlinzi peke yake, waliyempa kazi ya kugonga kengele, na uso wake ulionyesha angependa kuwa mahali pengine popote.

"Mama, hapa si mahali pako," Mjomba akasema.

"Nimekuzaa. Mahali ulipo ni mahali pangu," nikajibu, nikakaa kwenye benchi.

Sijui kusimulia ngumi kama wanavyozisimulia redioni, nitasema nilichokiona. Mwanangu aliingia kama mtu anayebomoa ukuta. Alimpiga Kocha mbavu mpaka nikasikia mlio wa godoro linalokung'utwa. Akampiga pua, pua ikahama upande. Kocha akarudi kwenye kamba, akajificha nyuma ya viwiko, na damu ikamwagika mpaka wote wawili wakawa wanateleza. Kila akipiga, Mjomba anasema, "Tupa taulo sasa. Si ndiyo kazi yako? Tupa." Nikaelewa kwamba mtoto hayumo kabisa kwenye ugomvi wake. Alikuwa anarudia pambano lake la zamani, na mjukuu wangu kawa kisingizio.

Lakini saruji inampa mtu mabega, haimpi pumzi. Alianza kuhema kwa mdomo. Kocha alimfundisha mwenyewe, anajua kwamba akichoka mkono wa kulia unashuka, na aliungoja ushuke. Uliposhuka akapiga taya. Nilisikia mfupa.

Mwanangu alianguka kwa magoti, akainuka. Bora angelala.

"Sema mlango wazi," Kocha akamwambia.

Mjomba akatema damu. Kocha akampiga jicho. "Sema." Akatema tena. Akapigwa tena pale pale, na jicho likafumba, ngozi ikafunguka chini yake kama mshono uliokatika uzi. Mikono ya mwanangu ilikuwa imening'inia, hajikingi tena, miguu tu ndiyo ilikataa kuanguka. Mlinzi alikuwa ameshika nyundo ya kengele na hagongi. Nikapiga kelele, "Mkwe, inatosha." Hakusikia. Alikuwa analia, yule mtu mzima, analia huku anapiga, na kila ngumi anasema, "Jumamosi tu. Naomba Jumamosi tu. Jumamosi tu."

Niliingia kwa chini ya kamba kwa magoti haya mabovu niliyonayo. Mwanangu alikuwa ndiyo kwanza anaanguka, nikamlalia. Ngumi iliyokuwa inakuja ilinipata mimi begani, na mkono wangu ukafa ganzi mpaka vidoleni.

Kocha akaona amempiga nani. Akaanguka chini, paji la uso sakafuni, anasema, "Mama. Mama. Mama." Kama ningekuwa na mkasi ningemchoma, na nasema kweli.

Chini yangu mwanangu akasema kwa taya lililovunjika, "Mlango wazi."

Na wakakumbatiana, wajinga wale. Kocha alijivuta kwa viwiko akaja akamkumbatia Mjomba pale pale kwenye damu, na Mjomba, ambaye hakuweza kuinua mikono, akamlazia kichwa begani. Kwao ilikuwa imekwisha, hata kinyongo cha taulo. Mimi ndiye niliyemtuma mlinzi akatafute gari la kwenda hospitali.

Walimfunga taya kwa waya. Jicho walisema litaona, labda si kama zamani. Sisimizi aliambiwa mjomba ameangukiwa na mifuko ghalani. Alimshikia kikombe cha maziwa na mrija, akamfuta kidevu, akamsomea hadithi za kitabu chake cha darasani, na usiku alihamisha godoro lake akalilaza sakafuni karibu na kitanda cha mjomba wake. Nilimwambia, "Jumamosi baba yako anakuja, na safari hii mlango uko wazi." Alirukaruka mpaka nikamkataza. Alimngoja yule mtu siku zile zote kwa furaha, lazima niliseme hilo.

Jumamosi Kocha alifika amenyoa ndevu, shati limenyooka, plasta puani, vidole vya mkono wa kulia vimevimba havikunjiki. Mjomba mwenyewe ndiye aliyetoa komeo. Akamwonyesha kiti. Wakapeana mikono polepole, kwa maumivu, kama marafiki. Mimi nikakaa nyuma ya cherehani, nikajifanya natafuta bobini ya uzi.

"Sisimizi," Kocha akaita. "Njoo, mwanangu."

Mtoto akatoka chumbani mbio, kisha akasimama. Aliangalia pua ya Kocha. Akaangalia vile vidole. Akageuka akaangalia taya la mjomba wake, na jicho. Mtoto aliyetambaa ukumbi wa ngumi haelezwi mambo haya na mtu.

"Ni wewe?" akauliza.

Kocha hakumdanganya, hilo nampa. "Ni mimi. Ilikuwa ili nipate kukuona."

Mjomba alijaribu kusema kitu, waya zikamkatalia, ukatoka mguno. Akampungia mtoto mkono, nenda, nenda kwake. Nilitamani aweze kusema. Pengine yeye angelipata neno ambalo mimi sikuwa nalo.

Kocha akainuka kwenye kiti, akanyoosha mikono yake yote miwili kumkumbatia. Mtoto akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Akainua ngumi zake mbili mbele ya uso, kidevu chini, viwiko vimebana mbavu, macho kwenye miguu ya Kocha.

"Shusha mikono, mwanangu," Kocha akasema kwa sauti ndogo. "Ni mimi, baba."

"Shusha wewe kwanza."

Kocha akaitazama mikono yake ilivyonyooka hewani. Akaishusha. Sisimizi hakushusha ya kwake.