Udongo Uliolowa Nyuma ya Wodi

Mita ilisoma omu nne nukta mbili, na badala ya kufurahi nikaanza kutokwa jasho.

Ijumaa, kwa mita hiyohiyo na mahali palepale nyuma ya wodi mpya ya wazazi, ilisoma arobaini na moja. Mkataba ulitaka isizidi tano. Hapo tulikuwa tumezamisha fimbo tatu za shaba, ethi ya jengo zima, ili umeme ukivuja kwenye hita ya maji ukimbilie ardhini, usipite kwenye mwili wa mama anayemwogesha mtoto wake. Tatizo lilikuwa mwamba uliokuwa chini, usiopitisha umeme vizuri. Nilimwagiza fundi mkuu achimbe upande wa pili wa ukuta, penye udongo mzuri, aongeze fimbo nne. Sasa ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, na upande huo wa pili nyasi zilikuwa zimesimama kama zilivyokuwa. Jembe halikuwa limepita.

Fundi mkuu ni baba yangu. Najua inavyosikika. Kampuni ni moja, yeye aliingia miaka ishirini kabla yangu, na mimi ndiye ninayetumwa kumkagua mtu aliyenifundisha kushika bisibisi. Wenzetu walicheka mpaka wakachoka.

Nikachuchumaa. Mvua haikuwa imenyesha kwa miezi miwili, lakini udongo kuzunguka zile fimbo ulikuwa chepechepe. Nikachovya kidole, nikakiramba. Chumvi.

Ujanja huu kila fundi anaujua na hakuna anayeusema. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Unayamwaga asubuhi ya ukaguzi, mita inacheka, cheti kinatoka. Baada ya wiki kadhaa udongo unakauka, na cheti kinabaki kwenye faili kikidanganya watu.

"Baba, umemwaga nini hapa?"

Aligeuka kwanza kuangalia kama kuna mtu karibu. "Punguza sauti, mwanangu. Bosi kasema hakuna muda wa kuchimba. Wageni wanakuja kupokea jengo saa sita. Na fomu yako iko kwenye gari lake."

Fomu yangu. Miaka mitatu ya uanagenzi, nikibeba mafaili ya watu na kupanda ngazi zao, nikingoja saini moja tu ya mhandisi mkuu ili bodi ya wahandisi inisajili. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa kesho yake. Mhandisi mkuu, ambaye mafundi walimwita Mzee Chapchap akiwa hayupo, aliahidi kuisaini tukishakabidhi jengo. Kwa hiyo baba alimwaga chumvi kwa ajili yangu. Hilo ndilo lililoniuma. Angekuwa fundi wa bora liende ningemkasirikia vizuri, nikamaliza.

Mzee Chapchap alitokea kwenye kona ya jengo na ubao wake wa karatasi mkononi.

"Ngapi?"

"Nne nukta mbili, lakini..."

"Lakini ya nini tena? Imepita. Weka saini, twende." Akanipa ubao.

"Udongo umemwagiwa maji ya chumvi, mhandisi. Hicho si kipimo."

Alimtazama baba, na usoni mwake sikuona mshangao hata chembe. Kisha akanigeukia, sauti imeshuka.

"Sawa. Nani kamwaga? Maana ukiandika hayo, lazima uandike na jina. Na huyo mtu leo hii anaondoka na sanduku lake la vifaa. Halafu mwanagenzi aliyeshindwa kusimamia fundi wake, mimi fomu yake siisaini. Fikiria. Chapchap."

Baba alikuwa ameinamia mita, anazikunja nyaya zake taratibu, kana kwamba mazungumzo hayamhusu. Nilitaka kusaini. Nasema wazi, nilitaka sana. Kalamu nilikuwa nayo mkononi, na mkono ulikuwa umeanza kushuka wenyewe. Lakini dirisha la bafu la wodi lilikuwa wazi mbele yangu, na ndani hita sita zilining'inia ukutani na karatasi zao za dukani, na chini ya kila moja kulikuwa na beseni la kuogeshea watoto.

Nikaandika: kipimo kimekataliwa, udongo umemwagiwa maji ya chumvi, fimbo hazijaongezwa. Nikasaini. Penye jina la aliyefanya nikapaacha wazi. Huo ndio woga pekee niliojiruhusu.

Mzee Chapchap alisoma, akaurudisha ubao kifuani kwangu kwa nguvu. "Umejimaliza mwenyewe," akasema, akatoa simu na kuelekea getini kuwazuia wageni. Bila cheti hakuna makabidhiano.

Nikaegemea ukuta. Baba akaja, akanichukulia kalamu bila kuomba, akaandika jina lake pale nilipopaacha wazi. Kisha akanirudishia kalamu, akaketi juu ya bunda la waya.

"Geuza karatasi," akasema. "Andika na zile kazi nyingine za chumvi."

"Zipi?"

Akaanza kutaja. Soko la ghorofa. Zahanati ya barabara kuu. Shule mbili za msingi. Ukumbi. Kiwanda cha sabuni. Alizitaja kwa sauti ileile anayoagizia vifaa stoo, nami niliandika bila kuinua kichwa, mpaka alipofika jengo la saba: bweni la wasichana, sekondari niliyosoma mimi.

"Baba! Miaka minne nimelala pale!"

"Pale usiwe na wasiwasi," akasema haraka. "Likizo yenu ya kwanza tu nilirudi peke yangu. Nilichimba siku mbili, nikazamisha fimbo tano, nikapima mara tatu. Pale pako salama kabisa."

"Na kwingine?"

Aliitazama mikono yake.

"Kwingine hukuwepo."