Jina la Jesca Kwenye Daftari la Meza

Mzee Kasimiri alikuwa mtu wa kushuku, na uzee wa kanisa ulimpa kazi ya kumfaa. Dhehebu lao dogo la Kilutheri lilikuwa na sharika tatu tu, na pale Kingolwira hakuna aliyeshiriki Meza ya Bwana bila kujiandikisha kwanza. Ukionekana unaabudu na Walutheri wengine, wale wa kanisa kubwa la mjini, jina lako linakatwa. Daftari alilishika Kasimiri. Hata Joyce, bintiye wa pekee, alipoolewa na mwinjilisti wa huko, alimkata daftarini mwenyewe, na tangu siku hiyo hakutaka atajwe nyumbani.

Sasa Alhamisi mbili mfululizo alikuwa amemwona Jesca, mjane muuza vitumbua, akiingia geti la kanisa hilo pale Mwembesongo. Kapu kalifunika kwa kanga, na macho yanatazama nyuma kila hatua. Hapo pana jambo, Kasimiri alijiambia. Akamsubiri njiani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kule mjini unafuata nini?"

"Shughuli tu, baba."

"Shughuli gani hiyo isiyo na jina?"

Jesca alikaza kanga ya kapu, akaondoka. Hata Mchungaji Evance alipomwita na kumuuliza, hakusema zaidi ya "Mnisamehe." Basi Kasimiri akachukua kalamu, akakata, na tuseme ukweli, roho yake ilisuuzika.

Jumapili watu walipoinuka kwenda mezani, Jesca alibaki kwenye benchi akilia kimya kimya. Kando yake akabaki Editha, mke wa Kasimiri.

"Editha, twende," Kasimiri alinong'ona. "Watu wanatuangalia."

"Siendi. Na jina langu kalikate."

"Una nini wewe?"

"Jesca alikuwa ananibebea uji wa mzazi. Mimi nilikuwa nimetangulia ndani ya geti, nyumbani kwa Joyce. Nilimwapisha asikwambie. Joyce amejifungua, leo wiki ya tatu."

Mchungaji alikuwa anasubiri, kikombe mkononi. Kasimiri alisikia furaha, furaha ya kweli, ikampanda mpaka kooni. Lakini mdomo ulipofunguka, kilichotoka kilikuwa:

"Kabatizwa wapi?"

Editha aliinuka.

"Hujauliza hata kama ni wa kike au wa kiume," alisema. Akamshika Jesca mkono, wakatoka nje.