Kadi za Mlango wa Pelagia

Nimefanya kazi nyingi chafu katika kutangatanga kwangu. Nimechuna ngozi Itigi, nimetapisha vyoo Kigoma. Hakuna iliyonichefua kama zile kadi.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, watu wakihamishiwa vijijini. Nilikuwa kwa Ratilal, mwenye duka la uchapaji pale Gongoni, nikimchapia kadi za harusi. Akaja Ndugu Nikolaus, ofisa wa uhamisho, akaagiza kadi mia mbili za kuwapa wageni watakaozuru kijiji kipya. Juu vichapwe jua na jembe, chini iwekwe alama ya mti halisi, wageni waone vitu vya kwetu. Akateremsha mlango kutoka kwenye Landrova: ubao mmoja wa mninga, umechongwa kwa tezo.

Kazi yenyewe si ngumu. Unatandika karatasi juu ya ubao, unaisugua kwa ubapa wa nta nyekundu, mishipa ya mti inajitokeza. Kisha unalaza fremu ya nailoni yenye picha, unamwaga rangi, unaikokota kwa kipande cha mpira, jua na jembe vinashuka kwenye karatasi. Zilipendeza. Hilo ndilo linalonitia kinyaa mpaka leo: zilipendeza, nami nikajisifu.

Nimefika kadi ya sitini, akaingia mama mmoja, miguu vumbi tupu. Hakusalimu. Akaweka kiganja juu ya ubao.

"Mnaufanyia nini mlango wangu?"

Ndipo nikajua. Aliitwa Pelagia, mjane. Nyumba yake ya zamani ilitiwa moto. Akaunusuru mlango, akaubeba kichwani mpaka kijiji kipya. Nikolaus akamnyang'anya hata hajausimika. Wiki ya tatu hiyo alikuwa anaziba kibanda kwa miiba. Fisi walishapita na mbuzi, na ndani wamo wajukuu wawili.

Nikazitazama kadi zilizokuwa zinakauka kambani. Nikauweka chini ubapa wa nta.

Nikolaus naye akaingia kukagua kazi yake.

"Mama, vumilia. Mlango huu unalitumikia taifa."

"Taifa halina mlango wake, mpaka litwae wa mjane?"

"Usiniletee siasa."

"Siasa? Njoo ulale wewe pale penye miiba, fisi wakuone ulivyonona."

Ratilal akacheka, akaikumbuka leseni yake, akajifanya anakohoa.

"Zimebaki mia na arobaini," Nikolaus akaniambia. "Endelea, mzee."

"Endelea wewe. Mimi uchafu wako umenitosha."

Nikajitwika mlango.

"Mzee Mfaume, ukitoka usirudi," Ratilal alisema, macho chini. "Nisamehe, bwana."

Nikolaus alipiga kelele akitutishia polisi na mahabusu, mpaka mimi na Pelagia tukaacha kumsikia.

Tukapita Itetemia, tukafika kijijini jua limeshapinda. Vibanda vilipangwa kwa kamba, vyote kipimo kimoja, kama makaburi ya askari. Tukauinua mlango. Haukuingia. Uwazi aliopima ofisa ulikuwa mwembamba. Mlango uliuzidi kwa viganja viwili.

Nikaazima shoka kwa jirani. "Tuupunguze kidogo ubavuni," nikasema.

Pelagia akanitazama vilevile alivyomtazama Nikolaus.

"Na wewe, mzee?"

Nikaona haya. Akanipokonya shoka, akaugeukia ukuta wa kibanda, akaanza kukata miti iliyobana uwazi.