Mzee Ametutoka

Ngazi zilikuwa sabini na mbili, na fundi cherehani alizijua kwa goti lake la kulia. Mara mbili kwa wiki alimbeba mama yake mgongoni kumteremsha kliniki, mara mbili akampandisha. Siku moja, kwenye kona ya ghorofa ya pili, goti liligoma, wakajibamiza ukutani wote wawili. Mama hakulia. Alisema tu, "Mwanangu, mimi si gunia, lakini na wewe si punda." Tangu siku hiyo hakukubali tena kubebwa. Kliniki akaiacha, miguu ikazidi kuvimba, na dunia yake yote ikawa dirisha moja.

Ndiyo maana fundi alitafuta nyumba ya chini kama mtu anayetafuta dawa. Akaipata kwa mgane mmoja waliyemwita Mzee Kofia: vyumba viwili, na mlango usio na hata kidato kimoja. Mzee alikuwa akiishi humo peke yake, na alisema upweke umemshinda, anahamia kwa dada yake. Wakaandikishana kwa wakili. Mkataba ulitoa siku tisini. Hati isipohamishwa ndani ya siku hizo, kila mmoja yuko huru kwenda zake.

Siku ya arobaini faili liliganda. Kila fundi alipokwenda ofisi ya ardhi aliambiwa liko mezani, ila meza ya nani hakuna aliyejua. Wakili naye alikuwa na neno lake moja, "tunafuatilia," analitoa kama mtu anayegawa pipi. Siku ya sitini na tatu, fundi alikataa kutoka dirishani mpaka faili lionekane. Likaonekana, kwenye chumba cha mirathi. Juu ya jalada karani mmoja alikuwa ameandika kwa penseli: *Muuzaji ametutoka.*

Ilichukua nusu siku kupata kisa chake. Karani alipiga simu kumwita Mzee aje athibitishe sahihi. Simu ikapokelewa na msichana wa kazi anayemfulia nguo, akajibu kwa adabu zake zote, "Mzee ametoka." Mzee alikuwa amekwenda kunyoa. Karani, ama kwa masikio mabovu ama kwa huruma nyingi, akaongeza silabi moja, na kwa silabi hiyo akamzika mtu.

Fundi alimchukua Mzee Kofia, akamsimamisha mbele ya dirisha. Karani mpya, maana yule wa kwanza alikuwa amehamishwa, alimtazama Mzee, akalitazama faili, akaomba cheti cha kifo.

"Changu mwenyewe?" Mzee aliuliza.

"Faili linasema umefariki, mzee wangu."

"Basi nimefariki nikiwa na afya njema."

Foleni nzima ilicheka. Fundi hakucheka. Aliambiwa kiletwe kiapo cha mahakama kwamba muuzaji yu hai, kisha msajili mwenyewe aifute ile penseli, na msajili alikuwa likizo. Fundi aliuliza kama yeye hawezi kuifuta, kwa kuwa kifutio anacho. Wakamwambia asilete mzaha na nyaraka za serikali.

Kiapo kilipatikana siku ya sabini na nane. Msajili alirudi siku ya tisini na mbili.

Siku ya tisini na tatu, fundi alikwenda kumwomba Mzee watie sahihi mkataba mpya. Alikuta viatu vingi mlangoni na sauti nyingi ndani. Mzee alitoka akamshika mkono, akamketisha barazani. Kumbe watu wa mirathi nao walikuwa wamefanya kazi yao: walitoa tangazo gazetini kuwaita warithi wa marehemu. Watoto wake watano, ambao hawakuwa wamekanyaga pale kwa miaka sita, walikuja mbio na nguo za msiba, wakamkuta baba yao anakunywa chai.

"Nilipokuwa hai sikuwaona, mwanangu," Mzee alisema. "Nimekufa, wamekuja wote. Wajukuu wamelala humu siku tatu. Wanasema nisiuze. Nitawaambiaje waondoke?"

Fundi alitafuta hasira, akaikosa. Matusi aliyokuwa nayo yangemfaa karani, na karani alikuwa mji mwingine. Alimpa Mzee mkono, akamtakia heri na wanawe.

Nyumbani alipanda zile ngazi polepole, akipumzika kila kona ingawa hakubeba mtu. Mama alikuwa ameketi dirishani. Vyombo vilikuwa vimeshafungwa kwenye maboksi. Wiki ya tano sasa walikuwa wakila kwa sahani mbili tu.

"Wamesemaje?"

Fundi alivua viatu taratibu, kiatu kimoja, kisha cha pili.

"Bado, mama. Faili limechelewa kidogo."

"Si kitu," mama alisema, akageukia dirisha. "Tumeshangoja sana, tutashindwaje hizi siku chache zilizobaki?"