Bhombol Nani?

Simu ililia saa tisa alasiri, wakati Nontu anatafuta meno yake ya bandia ale bisi za mchele. Kalyani, mkewe, ndiye aliyekuwa karibu, akaipokea. Alisikiliza, akasema "Ee!" mara tatu, na ya tatu akaketi.

"Ni Mithu," alisema akiwa bado ameng'ang'ania simu. "Binti ya Bhombol. Yuko uwanja wa ndege huko Amerika, ndiyo anapanda ndege. Baba yake amelazwa tangu juzi. Moyo! Alikuwa Behala kwa dada yake, akaanguka. Kesho saa mbili asubuhi wanampasua kifua."

"Amelazwa wapi?"

"Ile hospitali kubwa ya serikali. Halafu simu ikakatika."

Nontu aliyaacha meno yalipo. Miezi mitatu alikuwa hajasemezana na Bhombol. Miezi mitatu, watu ambao kwa miaka hamsini hawakupitisha jioni bila kubishana kwenye baraza ya nyumba namba tisa, kila mmoja na kikombe chake cha udongo cha chai, mmoja akikitukana chama cha mwenzake na mwenzake akiitukana timu yake ya mpira! Mtaa mzima wa Nilu Boshak ulikuwa ukijua saa kwa ugomvi wao. Wakipandisha sauti, akina mama walijua ni saa kumi na mbili, wakateleka wali.

Nontu alikuwa mtu wa bendera nyekundu, chama cha wakomunisti, Bhombol mtu wa mkono, chama chenye alama ya kiganja. Kwenye mpira Nontu alikuwa East Bengal, timu ya wahamiaji, maana baba yake alivuka mpaka kutoka Barisal na kapu la vyombo na mdomo mpana. Bhombol alikuwa Mohun Bagan, timu ya wenyeji, ukoo wa Kolkata tangu enzi za mababu, watu wanaotia sukari hata kwenye dengu. East Bengal wakishinda, Nontu alipita dirishani kwa Bhombol akipeperusha samaki wa ilish kama bendera. Mohun Bagan wakishinda, Bhombol alileta maganda ya kamba wakubwa, akayamwaga mlangoni kwa Nontu. Wala hakuna aliyenuna zaidi ya siku mbili. Na chama cha tatu kilipokuja kuwapiku wote wawili kwenye uchaguzi, walikaa barazani kama wajane wenza, wakapeana biskuti.

Kilichowagombanisha ni gari.

Nontu alikuwa na Ambassador nyeupe, aliyoinunua mwaka wa sabini na tisa kwa daktari mmoja aliyehamia Delhi. Gari la kwanza mtaani, na kwa miaka kumi na mitatu gari pekee. Mabibi harusi waliingizwa humo na vilemba vya mabwana harusi vikapondwa humo kwenye dari. Watoto wawili walizaliwa kwenye kiti chake cha nyuma, na mmoja sasa ni mwanasheria. Siku ya uchaguzi asubuhi lilibeba vikongwe wa bendera nyekundu kwenda kupiga kura, na mchana, bendera ikishang'olewa, lilibeba vikongwe wa mkono. Nani angesema hapana? Bibi yake Bhombol atembee kwa miguu kwa sababu ya siasa?

Basi siku habari zilipofika kwamba kiwanda cha ng'ambo ya mto kimeacha kuzitengeneza Ambassador, Nontu alikaa barazani kama mfiwa. Bhombol, badala ya kumpa pole, akasema mbele ya watu wote:

"Si migomo yenu hiyo? Mlipiga kelele mpaka viwanda vyote vikafunga. Sasa mmemuua na mama wa gari lako. Liuze chuma chakavu, Nontu, upate hela ya meno."

Watu walicheka, na kicheko ndicho kilichoharibu. Nontu alisimama akasema, "Usiguse tena mlango wa gari langu. Hata nikifa, jeneza langu usilisogelee." Bhombol akaweka kikombe chini, akaondoka. Kesho yake baraza ilikuwa na pengo, na keshokutwa. Halafu wakasikia amehamia Behala kwa dada yake.

Sasa kifua kinapasuliwa saa mbili asubuhi, na neno la mwisho alilomwambia ni jeneza.

"Chukua machungwa," Nontu alimwambia Kalyani. "Mwite Ghoton."

Ghoton alikuwa kondakta wa tramu mpaka alipostaafu, na mpaka leo hutembea akiyumba kidogo kwenye kona. Alikuja na muuza chai wakalisukuma gari hadi njia panda, likakohoa, likawaka. Kalyani alilazimika kupandia upande wa dereva na kujikokota juu ya gia na sari yake, kwa sababu mlango wa kushoto una ufundi wake. Unauinua, unausukuma ndani, halafu teke moja chini ya kitasa, na mwenye teke hilo alikuwa mmoja tu.

"Miaka yote hii umeshindwa kutengeneza mlango," alisema Kalyani.

"Ulikuwa unafunguka," alijibu Nontu.

Walifika saa kumi na moja kasoro. Muda wa kuona wagonjwa ulikuwa mpaka saa kumi na mbili. Kwenye dirisha la maulizo alikaa mwanamke wa makamo mwenye miwani na daftari kubwa, na foleni ilifika hadi kwenye ngazi. Zamu yao ilipofika ilikuwa saa kumi na moja na nusu.

"Jina la mgonjwa?"

"Bhombol," alisema Nontu.

"Bhombol nani?"

"Bhombol Dutta."

Yule mwanamke alivua miwani. "Mzee wangu, hapa watu hawalazwi kwa majina ya kubembelezewa. Jina la karatasini."

Nontu alimtazama Ghoton. Ghoton alimtazama Kalyani. Kalyani alitazama feni ya dari.

Hakuna aliyelijua. Nani angeliuliza? Mtu akizaliwa mtaani hupewa jina la nyumbani kabla hajafumbua macho, na hilo ndilo analoitiwa mpira, chai na mazishi. Lile la pili, refu, la shule na serikali, linakaa kabatini pamoja na vyeti. Mama yake alimwita Bhombol, marehemu mkewe alimwita "wewe, unasikia," vijana walimwita Kaka Bhombol. Kibao cha mlangoni kina jina la baba yake. Mithu yuko angani, na dada wa Behala ni kiziwi wa miaka themanini asiye na simu.

"Akina Dutta ninao kumi na wanne," alisema yule mwanamke. "Wa moyo ni sita."

"Tusomee basi, dada, tutamtambua."

"Hapa ni mnadani? Haya. Amiyabhushan?"

"Labda," alisema Ghoton.

"Prakash Chandra?"

"Huyo ndiye! Ana sura ya Prakash kabisa."

"Sura ya Prakash ikoje, wewe?" Kalyani alimkaripia.

Wakapelekwa kwa Prakash Chandra, wodi ya kwanza. Walimkuta mzee mwembamba kama mwavuli uliofungwa, ambaye wiki nzima hakuwa ametembelewa na mtu. Aliwashika mikono, akalia kidogo, akapokea machungwa. Ilichukua dakika kumi kumtoroka. Waliporudi dirishani saa ilikuwa kumi na moja na dakika arobaini na tano, na hawakuwa hata na machungwa.

"Si yeye," alisema Nontu.

Yule mwanamke aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa mkali sasa, alikuwa na mashaka tu, kama mtu anayehofia kuuza siri ya mgonjwa kwa wapita njia. "Niambieni ukweli. Nyinyi mnamfahamu kweli huyu mtu?"

Nontu alishika ukingo wa dirisha. Swali lile alishaulizwa.

Robo karne yeye ndiye aliyeandika vikaratasi vya wapiga kura wa mtaa. Wiki moja kabla ya uchaguzi alikaa na orodha ya serikali na wino, akanakili kila jina na namba yake, vijana wakagawa nyumba kwa nyumba. Majina ya karatasini ya kaya mia tatu alikuwa nayo kichwani kama mashairi ya shule. Isipokuwa nyumba moja. Ya Bhombol aliiruka kila mara, kwa makusudi na kwa raha. Kura ya mkono ile, ya nini kuiharibia wino?

Lakini mwaka wa themanini na mbili, kwenye shule ya msingi ya wasichana, Nontu akiwa wakala wa chama chake kwenye benchi, Bhombol aliingia kupiga kura saa nane mchana, amenyoa, amevaa fulana safi, na msimamizi akamwambia: wewe umeshapiga. Mtu kapiga kwa jina lako tangu asubuhi. Ilikuwa vurugu! Bhombol alisema ni vijana wa bendera nyekundu, Nontu alisema ni vijana wa mkono waliolewa wakapiga mara mbili, na mpaka leo haijulikani. Msimamizi, mtu wa Bardhaman mwenye mafua, hakuwa na haraka. Alisema yuko tayari kutoa karatasi nyingine iwapo mtu atamthibitisha. Mawakala wa mkono walikuwa wamekwenda kula. Akamgeukia Nontu: wewe, unamfahamu kweli huyu mtu?

Ingetosha kukaa kimya. Kura moja ya mkono ingepotea. Bhombol alikuwa amesimama pale na kidole chake kisicho na wino, hasemi kitu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Nontu alichukua kalamu akaandika. Aliandika jina lote, herufi kwa herufi, kama msimamizi alivyomsomea, na lilikuwa refu hata likapita mstari, akawaza, kumbe mpumbavu huyu ana jina la mfalme.

"Dakshinaranjan," alisema sasa, na sauti ikamtoka kubwa, foleni ikageuka. "Dakshinaranjan Dutta. Mtoto wa marehemu Kaliprasanna. Nyumba namba kumi na saba."

Kidole cha yule mwanamke kilishuka kwenye daftari. "Wodi ya tatu, kitanda ishirini na sita. Kimbieni, mna dakika kumi."

Hawakukimbia, kwa miaka yao, ila walikwenda kwa namna iliyofanana na kukimbia, Ghoton akiyumba kwenye kila kona.

Bhombol alikuwa amelala karibu na dirisha, bila miwani, na nyaya kifuani. Alikuwa amepungua. Mtu aliyejaza baraza peke yake sasa alichukua nusu ya kitanda.

"Nani?" aliuliza.

"Mimi."

"Umekuja na lile chuma chakavu?"

"Nimekuja nalo."

"Limewaka?"

"Kwa kusukumwa. Na mke wangu kapita juu ya gia kama mbuzi, kwa sababu mlango wa kushoto umegoma. Ukipona uje uupige teke."

"Uliniambia nisiuguse."

"Nilisema ujinga," alisema Nontu. Alilisema haraka akitazama nyaya, na masikio yakapata joto. "Nimesema uje uupige."

Bhombol alisogeza mkono juu ya shuka, Nontu akaushika, na Kalyani akajifanya anapanga dawa mezani. Kengele ya kwanza ya kutoa wageni ililia.

"Jana kulikuwa na mechi," alisema Bhombol. "Hapa hakuna redio, na muuguzi ni mtu wa kriketi, hajui kitu. Tumefanyaje?"

Jana East Bengal walikuwa wamewafunga Mohun Bagan bao moja, penalti ya dakika ya themanini na saba. Nontu alikuwa hajalala kwa furaha. Sasa aliutazama ule uso mdogo juu ya mto.

"Mmeshinda nyinyi," alisema. "Mbili bila. Mmetuchezea kama watoto."

Ghoton alifungua mdomo. Kalyani alimkanyaga mguu.

Walitegemea kicheko. Badala yake Bhombol aligeuza kichwa polepole, macho yamemtoka, na vidole vyake vikakaza.

"Nontu. Daktari amekwambia nini?"

"Nani? Sijaonana na daktari yeyote."

"Usinifiche. Mwaka wa sabini na tano mpaka leo hujawahi kukubali kwamba mmefungwa. Mkifungwa ni refa, ni mvua, ni nyasi. Leo unakuja hapa unaniambia tumewachezea kama watoto?" Alimvuta mkono. "Ninakufa, siyo? Wamekwambia nitakufa mezani."

"Hufi, bwana!"

"Basi kwa nini unaniambia maneno ya msibani?"

Kengele ya pili ililia. Muuguzi alikuwa tayari mlangoni akipiga makofi. Nontu aliinama mpaka pua zao zikakaribiana.

"Tumewafunga," alisema. "Moja bila. Penalti. Kipa wenu aliruka kushoto, mpira ukaenda kulia, akabaki amelala pale kama kitambaa cha deki. Uwanja mzima ulimcheka. Mimi mwenyewe nilinunua ilish wa kilo moja na nusu, nimemla kichwa na mkia, na harufu bado iko mkononi. Nusa!"

Bhombol alinusa. Pumzi ndefu ilimtoka, na mabega yake yakashuka kwenye mto.

"Penalti," alisema. "Dakika ya ngapi?"

"Themanini na saba."

"Themanini na saba! Wezi! Nani alianguka? Aliguswa wapi?"

"Wageni, nje!" alisema muuguzi.

"Ngoja kwanza, dada, hajanijibu. Nontu! Aliguswa wapi?"

Walisukumwa nje wote watatu, Kalyani akifuta macho kwa upindo wa sari na Ghoton akichechemea. Mlango wa wodi ulifungwa nyuma yao, lakini sauti iliwafuata hadi kwenye ngazi, sauti ya barazani kabisa, ikimwamsha mgonjwa wa kitanda cha ishirini na saba ili aambiwe kinaganaga refa yule ni mtoto wa nani.